Kungoja Bila Kulala

Somo letu ni Mwanzo 40:23 hadi 41:14.

Huku Sharqiyah Kaskazini tunakofanya kazi, ukimtaja Ali Al-Habsi hata watoto wa Bidiya wanamjua. Kwao ni Al-Mudhaibi, mkoa huu huu. Alizaliwa mwaka 1981, akawa zimamoto wa uwanja wa ndege Muscat kabla ya kuwa kipa wa kulipwa. Mwaka 2003 alikwenda Norway kuidakia Lyn ya Oslo, na Januari 2006 akasajiliwa na Bolton ya Uingereza.

Bolton walikuwa na kipa wao, Jussi Jääskeläinen, na golini nafasi ni moja tu. Al-Habsi alingoja zaidi ya miaka miwili kabla ya kudaka mechi ya ligi. Januari 2009, angali kipa wa akiba kule Bolton, alisimama golini hapa Muscat katika Kombe la Ghuba. Mechi tano, hakufungwa hata bao moja. Fainali na Saudi Arabia ikaenda penalti, na Oman ikatwaa kombe kwa mara ya kwanza. Mikono ile haikulala benchi.

Wapendwa, Yusufu naye alikuwa mgeni ugenini. Alimsaidia mnyweshaji wa Farao, naye akatoka gerezani akamsahau. Ikapita miaka miwili mizima. Lakini alipoitwa ghafla, alinyoa, akabadili nguo, akaingia kwa Farao akiwa tayari. Siku ile hakuanza kujifunza kumsikiliza Mungu. Alikuwa amezoea tangu gerezani.

Na sisi je? Wengine tunangoja karatasi, wengine leseni ya uuguzi, wengine simu ya mume au watoto nyumbani. Tukiri ukweli: kungoja kumetuharibu mara nyingine. Kuna wakati tulitarajia kupandishwa cheo, akapewa mwingine. Tukaanza kufanya kazi kwa kuhesabu saa. Usiku mmoja mama mgonjwa aliomba maji mara ya pili, tukamjibu kwa ukali. Alinyamaza, akageukia ukutani. Asubuhi tulimwomba radhi, naye akatushika mkono. Yule mama hakujua habari za cheo. Alikuwa na kiu tu.

Hapo tulijifunza kwamba benchi letu ndilo golini kwa mtu mwingine. Dada unayelea watoto wa watu, kaka unayeendesha lori usiku, Mungu hajakuweka pembeni. Anayekuhitaji leo yuko mbele yako leo.

Wiki hii, kila mmoja amtafute mtu mmoja ambaye uchungu wa kungoja umetufanya tumkosee, amwombe radhi.

Tuombe: Ee Bwana, usiyesinzia, tulinde mioyo yetu tunapongoja. Ukituita, utukute tumeamka. Amina.