Deni la Unga na Bendera ya Witu

Mwaka 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, mwenye duka tunalokopa pale Garsen alitangaza kwamba anawania kiti cha MCA. Jioni hiyo akamwambia mama, "Mama, lile deni la unga tushalisahau. Agosti tukumbukane." Deni lenyewe lilikuwa shilingi 2,340, la tangu ukame ulipotumalizia mbuzi.

Mimi nilikasirika. Mama alicheka tu. Tangu siku hiyo swali limenikaa kichwani: mfanyabiashara akiingia siasa, kwani ananunua nini hasa?

Huku kwetu swali hilo si geni. Ukipanda gari la Lamu pale Minjila, utapita Witu. Aprili 1885, Sultani Ahmed wa Witu, waliyemwita Simba, alimuuzia ardhi Clemens Denhardt, Mjerumani aliyeujua Mto Tana tangu safari yake ya 1878. Kufika mwisho wa Mei, Ujerumani ilishatangaza kwamba Witu iko chini ya ulinzi wake. Yaani biashara ilianza na shamba, ikaishia na bendera.

Ni rahisi kumwita Simba mjinga. Hakuwa. Alikuwa na adui, Sultani Barghash wa Unguja, na watu waliotoroka utumwa walikuwa wamekimbilia kwake. Alihitaji mlinzi, na aliyebisha hodi alikuwa mfanyabiashara. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Ubaya ulionekana 1890. Wajerumani na Waingereza waliwekeana mkataba Berlin, Witu ikapewa Uingereza. Watu wa Witu hawakuulizwa. Septemba mwaka huohuo Wajerumani kadhaa wakauawa huko. Oktoba Waingereza wakaja wakauchoma mji.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti. Mchele ukishauuza, aliyeununua ana haki ya kumuuzia mwingine. Imani haiko hivyo. Nikikuamini, nimekuamini wewe, si yeyote utakayempa. Kwa hiyo sina shida na mfanyabiashara kugombea. Anakosea pale anapodhani amenunua kitu ambacho amekabidhiwa tu.

Basi nikajiona nimeelewa. Nilikuwa nimeacha chuo, na nilipolipwa makala yangu ya kwanza nikamtumia mwenye duka zile 2,340 kwa M-Pesa. Kisha nikampigia mama, najisikia kweli: kura yako sasa ni yako, hatudaiwi na mtu.

Akanyamaza kidogo. "Haya mwanangu," akasema. "Na ukame ukirudi, nitakopa kwa nani? Wewe uko Nairobi."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Bado naamini deni halifai kulipwa kwa kura. Lakini siku hiyo nilikuwa nimekaa mbali, nikaamua juu ya ulinzi wa mama yangu bila kumuuliza. Wale wa Berlin walifanya hivyohivyo.