Jirani Aliyeulizwa

Mpimaji wa viwanja anapoitwa Chamazi au Bunju, jijini Dar es Salaam, kutatua ugomvi wa mpaka, husimika kipokezi chake juu ya miguu mitatu, akasubiri. Kifaa kile hakina upande. Kikiwa cha siku hizi, husikiliza kwa pamoja setilaiti za GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na kwa kupima muda mdogo mno ambao mawimbi yametumia kushuka, huonyesha bikoni ikae wapi. Majirani walioacha kusalimiana kwa ajili ya hatua mbili za ardhi hupatanishwa na mataifa ambayo yenyewe hayajapatana.

Setilaiti hizo hazikuletwa na upendo. GPS ni kazi ya jeshi la Marekani, na hadi Mei 2000 mawimbi waliyoachiwa raia yalikuwa yakivurugwa makusudi ili yasiwe sahihi mno. Warusi na Wachina walijenga mifumo yao kwa kutotaka kumtegemea mshindani. Hata Ulaya, rafiki wa Marekani, iliona ni heri kuwa na chake. Hofu ni fundi hodari: hujenga upesi, hujenga imara, wala haiulizi gharama. Faida ya kazi yake tunaila sote, kuanzia dereva wa bodaboda anayemtafuta abiria Tegeta hadi mvuvi wa Kigamboni anayerudi usiku. Lakini anayenufaika na fundi yampasa ajiulize fundi huyo ana kazi gani nyingine, kwa maana hofu haijawahi kujenga kitu kimoja tu.

Wakazi wa Mbagala wanalielewa hili bila kufundishwa. Tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la jeshi lililokuwa jirani yao lililipuka. Makombora yaliyowekwa kwa ajili ya adui ambaye hakuwahi kufika yaliruka yakaangukia nyumba za watu, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Hakuna aliyekusudia. Ndivyo silaha zilivyo: nia hubaki kwa mwenyewe, madhara husafiri.

Huko juu madhara husafiri zaidi, kwa kuwa hakuna ukuta wa kuyazuia. Januari 2007 China iliipiga kwa kombora setilaiti yake kuukuu ya hali ya hewa, ikavunjika vipande zaidi ya 3,000 vinavyoonekana na mitambo ya ardhini. Marekani ilivunja setilaiti yake kwa kombora mwaka 2008, India 2019. Novemba 2021 ikawa zamu ya Urusi: Kosmos 1408 ilisambaratika vipande zaidi ya 1,500. Kipande cha chuma katika mzunguko ule huenda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Ni mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa nusu dakika. Siku ile wanaanga 7 waliokuwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga waliamriwa wajihifadhi ndani ya vyombo vyao vya kurudia duniani. Wawili kati yao walikuwa Warusi.

Hapo nasimama kwa muda mrefu kuliko penginepo. Aliyerusha na aliyejificha walikuwa wa nchi moja, na aliyerusha hakuwa mjinga wala hakuwachukia watu wake. Alimhesabu adui, akamsahau jirani. Na juu kule kila mmoja ni jirani wa kila mmoja, kwa sababu kila kitu kinazunguka na kurudi palepale. Ukilifikiri hilo kwa utulivu utaona kwamba ushirikiano katika anga za juu hauhitaji kwanza watu wapendane. Unahitaji kila mwenye nguvu akubali kwamba naye anaweza kupigwa na kipande chake mwenyewe.

Sheria zipo, ila zina matundu. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza kuweka silaha za nyuklia kwenye mzunguko wa dunia, na unakataza taifa lolote kujimilikisha mwezi au anga. Haukatazi kombora la kawaida linalopanda kutoka ardhini. Desemba 2022 nchi 155 katika Umoja wa Mataifa ziliunga mkono wito wa kuacha majaribio ya kuvunja setilaiti kwa makombora. Urusi na China zilipinga, India haikuegemea upande. Wito si sheria, lakini aibu nayo ina uzito wake kwa wanaoheshimu sura zao.

Sisi wa pwani hii si wageni katika mambo hayo. Mwaka 1960 Marekani ilikubaliana na Uingereza kujenga kituo Tunguu, kisiwani Unguja, cha kuwafuatilia wanaanga wa mradi wa Mercury. Kilikuwa kimojawapo cha vituo 18 vilivyotandazwa duniani ili mtu aliye juu asipotee masikioni mwa walio chini. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, Tunguu ilizungumza naye akipita juu yetu, na daktari wa kituoni akafuatilia hali ya mwili wake. Silaha haikuwapo. Palikuwa na antena, redio na watu wa kusikiliza.

Wazanzibari wengi hawakuamini. Chama cha siasa cha Zanzibar Nationalist Party (ZNP) kilikuwa mstari wa mbele kupinga, na habari zikaenea kwamba Unguja imegeuzwa kituo cha makombora. Ni rahisi leo kuwaona wale watu kuwa hawakujua walisemalo, nami sioni haki katika kuwadharau. Roketi ya Atlas iliyompandisha Glenn ilikuwa imebuniwa kwanza kubeba bomu la nyuklia; raia na askari walikuwa wamepanda chombo kimoja. Zaidi ya hapo, makubaliano yalikuwa baina ya Washington na London, juu ya ardhi ya watu ambao hawakuwa mezani. Mtu asiyeulizwa hubakiwa na kukisia, na kisio la mnyonge huelekea ubaya kwa kuwa ndio aliouzoea.

Yakaja Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964. Kufikia Aprili serikali mpya ya Karume ilikuwa imekwisha kutaka kituo kiondolewe, na kazi yake ikahamishiwa Madagaska. Huko nako, mwaka 1975, serikali mpya ilidai fedha nyingi za pango, kituo kikafungwa. Mitambo ilikuwa mizuri mara zote mbili. Kilichokosekana ni wenyeji wenye sababu ya kuitetea.

Kenya ilipita njia nyingine. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti kwa zaidi ya miaka 20. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, waliirusha ya Marekani iliyokuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ikaitwa Uhuru. Jina likawa letu, vipimo vikaenda Marekani. Miaka 6 baadaye Kenya na Uganda ziliungana na nchi nyingine za ikweta katika Azimio la Bogotá, zikidai kwamba sehemu ya anga iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta ni mali yao. Dunia haikukubali, kwa kuwa lilipingana na mkataba wa 1967. Uchungu uliolizaa ninauelewa: walioachwa nje ya shamba hudai kwa sauti kubwa kuliko haki yao, ili wapate angalau haki yao.

Na vinavyopanda bila sisi hushuka kwetu. Tarehe 30 Desemba 2024, duara la chuma lenye uzito wa kilo 500 hivi lilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, na Wakala wa Anga wa Kenya ukasema ni sehemu ya roketi. Mkataba wa 1972 wa dhima ya vyombo vya anga unaibebesha nchi iliyorusha fidia yote ya madhara ya ardhini. Mwanakijiji wa Mukuku hawezi kujua peke yake amdai nani. Lazima nchi yake iwe na watu wanaojua kinachopita juu, na iwe na kiti wanapokaa wengine.

Ndiyo maana mkataba mpya wa Kenya na Italia juu ya kituo cha Malindi, uliotiwa saini Trento mwaka 2016, una maana kwetu kuliko Azimio la Bogotá. Safari hii Kenya haikudai anga. Ilidai mafunzo kwa vijana wake, picha za dunia zinazopokelewa pale, na msaada kwa wakala wake wa anga. Tanzania nayo itatia saini ya namna hiyo siku moja. Kabla ya wino, waulizwe pia watu wa Tandale, ambao katika mradi wa Ramani Huria walishirikiana na wanafunzi kuichora mifereji na njia za mafuriko za mtaa wao. Wanajua ni picha zipi za kuomba, za mwezi upi, na zikabidhiwe ofisi ipi ili ziwafikie kabla mvua za masika hazijaanza.