Nyeusi Si Nyeusi Tena, Vijana Wangu

Mafundi wangu wa Marungu, njooni mkae kidogo. Sina ugomvi na mtu leo. Magoti haya hayapandi ngazi tena na macho hayalioni vizuri tundu la skrubu, kwa hiyo kazi iliyonibakia ni kukaa hapa kibarazani Maungu, kuhesabu malori yanayoteremka Mombasa, na kuwaona nyinyi mkipita kwenye bodaboda na roli ya waya begani, mbio, kama watu wanaokwenda kuzima moto. Siku nyingine, Mungu anisamehe, huwa mnakwenda kuuwasha.

Ngoja nianze na kinu cha posho. Sitasema cha nani. Kilifungwa zamani kwa rangi tulizofundishwa sisi: nyekundu, njano na bluu ndizo laivu tatu, nyeusi ndiyo nyutro. Mwenyewe akajenga kibanda cha duka ubavuni, akamwita kijana amvutie stima kutoka palepale. Kijana akaja na kebo mpya, safi, ya kahawia, nyeusi, kijivu na bluu. Akafungua boksi la kinu. Akaona bluu, akaifunga na bluu. Akaona nyeusi, akaifunga na nyeusi. Kahawia akaipeleka kwa nyekundu, maana kwa mbali zinafanana. Kijivu akaiozesha na njano, kwa kuwa ndio waliobaki. Kila mmoja na mwenzake, kama viatu mlangoni mwa msikiti. Akafuta jasho, akawasha.

Taa za duka ziliwaka nyeupe kama mchana wa Februari, kwa muda wa kuhesabu hadi tatu, halafu zikapasuka. Friji ya soda ikatoa moshi. Kijana alisimama pale na koleo mkononi, akauliza, "Sasa nimekosea wapi, mzee?" Nikamhurumia, kwa sababu kwa macho hakuwa amekosea popote.

Kosa lilikuwa kwenye kalenda. Sisi wa Kenya kanuni zetu za kufunga stima tumezipokea kutoka kwa Waingereza, na Waingereza walibadili rangi za nyaya mwaka 2004, wakapeana muda hadi tarehe 31 Machi 2006 za zamani zisitumike tena kwenye kazi mpya. Kahawia ikawa laivu, bluu ikawa nyutro, na penye laivu tatu zikawa kahawia, nyeusi na kijivu. Sasa angalia mtego ulipo. Bluu ya zamani kwenye kinu ni laivu. Bluu mpya ni nyutro. Nyeusi ya zamani ni nyutro; nyeusi mpya ni laivu. Kijana alipofunga bluu kwa bluu, aliipa nyutro ya duka zima laivu ya tatu ya kinu. Badala ya volti 240, taa na friji zilinyweshwa 415. Hata mtu ukimnywesha hivyo atapasuka.

Kubadili kanuni ni kazi ya siku moja ofisini. Lakini hakuna kanuni iliyowahi kuingia ndani ya ukuta ikachomoa waya wa zamani. Nyumba zetu hizi zimejengwa chumba kimoja kwa mavuno ya pojo, cha pili kwa mshahara wa mkonge, cha tatu kwa pesa za mtoto aliye Nairobi, na kila chumba kina fundi wake. Nenda ukafungue dari: sebuleni nyekundu na nyeusi, jikoni kahawia na bluu, na chooni rangi yoyote iliyokuwa nafuu wiki ile. Ni kama chungu cha harusi kilichopikwa na mashangazi watano. Kila mmoja ametia chumvi yake na hakuna aliyeonja.

Kuonja ndiko ninakokudai. Mita ya kupimia si pambo la mkoba. Ile bisibisi yenye kitaa itakwambia stima ipo, basi. Haitakwambia ni ngapi. Pima laivu na nyutro upate 240, pima laivu kwa laivu upate 415, na ukishajua, zungusha kipande cha tepu ya rangi kwenye ncha ya waya na uandike kwa kalamu ndani ya kifuniko cha boksi: humu mna rangi mbili, tahadhari. Ni dakika tatu. Utamwandikia mtu ambaye hujawahi kumwona, atakayefungua boksi hilo ukiwa umeshazeeka kama mimi, na huenda akawa ni mwanao.

Haraka naijua. Nami wakati wa ujana niliwahi kufunga fyuzi kwa uzi wa waya kwa kuwa ilikuwa Jumapili na duka la Voi limefungwa. Nikamwambia mama mwenye nyumba, nitarudi kesho. Kesho hiyo ilifika baada ya miaka miwili. Nikakuta plastiki imeyeyuka kama samli, na yule mama ananikaribisha chai, hajui amelala na nini kichwani miaka yote hiyo. Chai ile sikuimaliza.

Halafu kuna suala la waya wa ardhi. Udongo wetu huu mwekundu, mvua ikishakata, ni kigae. Ukipiga fimbo ya shaba ya futi nne kwenye kigae, unaweza kupima omu 100 na zaidi. Laivu ikigusa mwili wa friji, fanya hesabu ya sokoni: 240 gawa kwa 100, ni ampea 2 na nukta 4. Breka ya soketi ya ampea 32 itaziangalia ampea hizo kama ng'ombe anavyomwangalia nzi. Haitaruka. Mwili wa friji utabaki na stima, ukimsubiri mtoto anayetoka kuoga pekupeku. Na bado kuna fundi anayeikata fimbo hiyo moja katikati apate mbili za kuuza, kama muwa! Huku kwetu tunahitaji kwenda chini zaidi, au kuongeza fimbo nyingine mbali kidogo na ya kwanza, na juu ya yote kuweka ile breka yenye kitufe cha T, inayokata stima ikivuja miliampea 30. Balbu ya zamani ya wati 60 inakunywa 250. Basi huyo mlinzi anaamka kwa tone.

Kuhusu leseni ya ufundi stima ya EPRA, wale wasimamizi wa nishati, nitasema kidogo, maana mnajua kuliko mnavyojifanya. Ukimlipa mwenye leseni agonge muhuri kwenye cheti cha nyumba ambayo hajaikanyaga, umenunua mbuzi ndani ya gunia, na aliyekuuzia naye hajui kama analia. Sikulaumu sana, mtihani una gharama na tumbo halingoji. Lakini anza na ile C2, ndiyo ngazi ya chini, nenda kafanye.

Na yule aliyeniomba nimvutie stima ya nyumba hadi kwenye seng'enge ya shamba, ndovu wa Tsavo wasile pojo zake: hapana, ndugu yangu, bado ni hapana. Uzio wa ndovu una mashine yake, hupiga kofi fupi na kuachia. Stima ya nyumba haiachii, na haiulizi kama aliyegusa ni ndovu au ni jirani anayetafuta mbuzi wake.

Jua limeshuka, nendeni. Ila kesho asubuhi, kabla ya chai, kila mmoja aanzie nyumbani kwake: bonyeza kile kitufe cha T. Stima isipokatika, usiende kwa mteja. Anza hapo.