Upanga wa Heshima na Deni Lake

Upanga wa heshima ni silaha iliyotengenezwa ili itolewe zawadi, kama vile afisa anapoagwa na wenzake au anapopandishwa cheo. Ujerumani ya enzi za Kaiser, kati ya 1871 na 1918, ilikuwa na panga nyingi za aina hiyo, na wingi wake ulitoka Solingen, mji wa wafua visu na panga tangu zama za kati. Leo watu huzikusanya kwa bei kubwa. Anayezinunua hununua historia zaidi ya chuma, na hapo ndipo swali la maadili na la dini linapozuka: je, mtu anaweza kumiliki fahari ya kitu cha kale bila kurithi pia deni lake?

Kazi yenyewe ni ya kustaajabisha. Fundi huupaka ubapa nta au lami, huchora kwa kukwangua, kisha huumwagia tindikali. Palipokwanguliwa chuma huliwa, palipofunikwa husalimika. Baadhi ya panga ziliwekwa motoni mpaka kwenye nyuzi 300 hivi, chuma kikageuka buluu, na nakshi zikatiwa dhahabu juu ya buluu ile. Hutokea majani, bendera, mizinga, farasi wanaokimbia, jina la kikosi, jina la mpokeaji na tarehe. Zilizo bora zaidi zilifuliwa kwa chuma na feleji vilivyosokotwa motoni hadi vikatoa mawimbi. Za bei nafuu ziliyaiga mawimbi hayo kwa tindikali tu. Nyingi zina neno Eisenhauer, maana yake mkata-chuma, sifa ambayo kwa silaha ya gwaride ilikuwa majigambo matupu.

Mkusanyaji hodari hutazama kwa lenzi vishimo vya kutu. Mchoro wa asili ukitangulia, kutu huula; kutu ikitangulia, mchoro hupita ndani ya vishimo, na hapo hujulikana kuwa nakshi ni ya juzi na upanga umeghushiwa. Nakala iliyofanana na asili kwa kila hali huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei. Tofauti haionekani kwa jicho, ila iko katika yaliyoupata upanga: nani aliushika, wapi, mwaka gani. Ndiyo maana silaha za maafisa waliotumikia makoloni hugombewa kuliko za kambi za Ulaya.

Huko Ogwedhi, kaunti ya Migori, ambako Wajaluo ni majirani wa Wakuria na Wamaasai, jambo la kudai kitu kile kile si geni. Wajaluo husimulia habari za ndugu wawili, Podho na Aruwa. Mkuki wa mmoja, uliorushwa na mwenzake, ulipotelea mwilini mwa tembo. Mwenyewe akakataa mwingine wowote, akataka ule ule. Baadaye mtoto wake akameza ushanga wa ndugu yake, na yule naye akakataa ushanga mwingine. Mtoto akapasuliwa tumbo, na ndugu wakaachana milele. Masimulizi haya hayasemi kwamba kitu cha asili hakina thamani. Yanaonyesha kwamba anayeidai asili kwa ukali naye ataulizwa kwa ukali ule ule.

Dini nazo hazijakaa kimya. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, upanga wa Goliathi umehifadhiwa Nobu, umefungwa nguo nyuma ya naivera, vazi la kuhani, kama kumbukumbu katika mahali patakatifu. Daudi anapokimbia anaomba silaha, na kumbukumbu inarudi kuwa silaha siku hiyo hiyo. Wanazuoni wa Kiislamu waliruhusu upanga upambwe kwa fedha, wakabishana kuhusu dhahabu; kwao pambo halikuufanya upanga uache kuwa upanga. Kwa mila za Wajaluo, aliyeua vitani alitakaswa kwanza kabla ya kuchangamana na watu wake, kwa kuhofia jachien, mzimu wa aliyeuawa wenye kulipiza kisasi. Mila hizi tatu zinakubaliana kwamba silaha haijitengi na matendo, hata ikipambwa namna gani.

Mtetezi wa mkusanyaji atajibu kwamba upanga wa heshima haukuua mtu. Ulining'inia kiunoni siku za gwaride. Ni hoja yenye nguvu, lakini inasahau kazi ya heshima. Mnamo Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walivuka mpaka kutoka kusini wakauteka mji wa Kisii, na tarehe 12 wakapigana hapo na King's African Rifles, jeshi la Waingereza. Vita viliendelea miaka minne. Huko Abercorn (leo Mbala, Zambia), tarehe 25 Novemba 1918, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alijisalimisha, na Waingereza, kwa kumheshimu, wakawaacha yeye na maafisa wake wabaki na silaha zao binafsi. Askari Waafrika waliweka zao chini. Wapagazi wa Carrier Corps, ambao Nyanza ilitoa wengi mno, walikufa kwa makumi ya maelfu, hasa kwa maradhi na njaa, na walio wengi hawana hata kaburi lenye jina. Jina la afisa lilichorwa kwenye feleji kwa dhahabu. Heshima iliyoandikwa juu ya ubapa ilikuwa sehemu ya mpango ulioamua nani akumbukwe, hata kama ubapa wenyewe haukutoka alani.

Kwa hiyo kukusanya si dhambi, na kuyeyusha panga hizi kungepoteza ushahidi pamoja na ufundi. Lakini asili haigawanyiki. Mwenye kulipia zaidi kwa sababu upanga ulikuwa Afrika Mashariki amekwisha kukiri kwamba yaliyotokea Afrika Mashariki yamo ndani ya upanga ule. Hawezi tena kusema hayamhusu. Deni lake la kwanza ni kueleza ulikopita, na pale ambapo kitu kilinyakuliwa, kukirudisha.

Hilo la mwisho limewahi kufanyika, ingawa kwa kuchelewa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, katika miezi sita; lilifika Kalenga, Tanganyika, mwaka 1954. Fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, zilikaa Uingereza katika familia ya muuaji kwa karne nzima, zikarudishwa Kenya mwaka 2006.