Kuhesabu Gharama ya Mnara

Vyuo vingi vya Marekani vimepatana kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi ya udaktari pamoja na posho asishurutishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Lakini mtoto wetu akikubaliwa na vyuo viwili kusomea fasihi, sisi wazazi ndio tunaomshurutisha: twataka jina kubwa la kutangaza baada ya ibada. Na tutubu. Mjenzi wa mnara katika Luka 14:28 huketi kwanza akahesabu gharama, na masomo haya ni miaka 5 au zaidi. Basi naye aulize: mwalimu atakayemwongoza yu karibu kustaafu? Posho yatosha kodi ya nyumba? Waliomtangulia wamepata kazi? Akishachagua, akiandikie upesi chuo kile kingine. Yupo mwenzake angojaye nafasi hiyo.