Hesabu ya Matofali

Somo: Kutoka 5:6–18



Wa Bangalala wanaijua ndiva ya Manoo, bwawa lao la kumwagilia. Maji ya mlimani hukusanyika usiku, asubuhi yakafunguliwa, kila mtu akamwagilia kwa zamu. Matope yakijaa huitishwa msaragambo, kazi ya pamoja, watu wakashuka na majembe. Asiyefika hutozwa faini. Na wa juu akichepusha maji nje ya zamu, wa chini humfuata, naye hana budi kujibu.

Farao hakutaka kujibu. Aliwanyima Waisraeli majani ya kufyatulia matofali, lakini hesabu akaiacha ileile. Matofali yalipopungua, wanyapara wao ndio waliochapwa. Walipokwenda kumlilia, akawaita wavivu.

Hata leo wapo wanaolia hivyo. Mwaka 2019 Daniel Motaung alitoka Afrika Kusini akaajiriwa Nairobi na kampuni ya Sama. Kazi ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kuchuja yanayowekwa Facebook, video za watu kuuawa zikiwemo, ili mimi na wewe tusikutane nazo. Alipowahamasisha wenzake kudai mishahara na mazingira bora, aliachishwa kazi. Mei 2022 akaishtaki Sama pamoja na Meta, wenye Facebook, akidai kazi ile ilimwumiza akili. Sama ilikanusha. Meta ikasema haina makazi Kenya, hivyo mahakama za huko haziwezi kuiuliza. Februari 2023 mahakama ya Nairobi ilikataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo: kesi isikilizwe. Wa juu ya mfereji ameitwa ajibu.

Usiseme hayo ni ya Nairobi. Hapa Same una pikipiki umempa kijana wa watu, kila jioni akuletee hesabu. Ikilala gereji siku tatu, unadai hesabu ileile? Umemnyima majani. Binti wa kazi anaamka saa kumi na kulala saa tano usiku, kisha unamwita mvivu? Hilo ni neno la Farao. Hata kanisani, tunamdai mwinjilisti taarifa ya mitaa yote bila kumpa nauli.

Mpendwa, wiki hii kabla hujadai hesabu, mwulize kwanza anayekufanyia kazi: majani unayo? Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.