Nani Anatia Mpini

Katika Sunan ya Abu Dawud imo hadithi iliyopokewa kwa Anas bin Malik, ya mtu wa Ansari aliyekwenda kuomba kwa Mtume Muhammad (S.A.W.). Mtume alimuuliza nyumbani kwake kuna nini. Kulikuwa na nguo moja nzito, upande wakiivaa na upande wakiitandika, na bakuli la kunywea maji. Vikaletwa, vikanadiwa mbele ya watu: mmoja akataja dirhamu moja, Mtume akauliza nani ataongeza, mwingine akatoa mbili. Dirhamu moja ikawa ya chakula cha familia, ya pili ya kununulia shoka. Shoka lilipofika Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwagiza yule mtu akakate kuni, auze, asionekane hadi zipite siku 15. Alirudi akiwa amepata dirhamu 10. Wahubiri huitoa hadithi hii kukemea uombaji, na kweli inaukemea. Lakini hebu tuhesabu waliohusika. Yupo aliyenadi na aliyekubali kulipa maradufu. Kipo chakula kilicholiwa kwanza, ili shoka lisiuzwe siku ya kwanza ya njaa. Lipo pori ambamo hakuna aliyemfukuza, lipo soko lenye wanunuzi wa kuni, na ipo ahadi ya kurudi kutoa taarifa. Jasho lilikuwa la yule mtu. Mazingira ya jasho hilo kuzaa matunda yalitengenezwa na wengine, tena kwa mpangilio.

Hapo ndipo penye swali zito la kimaadili. Tunapomwambia maskini ajitegemee, wajibu unamwangukia nani? Kwangu mimi, kujitegemea kwa kaya ni kazi ya wengi, na taasisi zinazohudumia maskini kila moja kivyake zina deni mbele ya maskini hao. Tumezoea kuliita jambo hili kasoro ya uratibu, jina linaloifanya dhambi ionekane kama karatasi iliyopotea.

Ushahidi upo. Mwaka 2002 shirika la BRAC lilianza Bangladesh mpango wa kaya fukara kabisa: kila kaya ilipewa mifugo au mtaji mwingine, posho ya kujikimu kwa muda, mafunzo, nafasi ya kuweka akiba, msaada wa afya, na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima mpango wa aina hiyo katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia, Ghana na Honduras. Mwaka mmoja baada ya msaada kwisha, kaya kwa jumla zilikuwa bado zinakula vizuri zaidi na zina mali zaidi. Honduras mambo yalikwenda kombo: wengi walichagua kuku, na kuku wakafa kwa ugonjwa. Nchini Ghana watafiti walijaribu pia kutoa mbuzi peke yao, bila yale mengine, lakini manufaa hayakudumu.

Tanzania tunao Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, ulioanza 2012 na kufikia kaya zaidi ya milioni 1. Walengwa hutajwa kwanza na wanakijiji wenzao katika mkutano, kisha hujaziwa dodoso. Hupata ruzuku, ajira za muda na vikundi vya kuweka akiba. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Lakini chukua mama aliyebana ruzuku akanunua mbuzi wawili. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo iko idara ya mifugo ya halmashauri. Eneo la malisho liko kwa halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ina ofisi na fomu zake. Msikiti una orodha yake ya wapokea zaka, parokia ina yake. Kama orodha hizo hazikutani, mbuzi wakifa atalaumiwa nani? Atalaumiwa mama, kwamba alipewa akashindwa.

Wapo watakaosema mpangilio wote huu ni mzigo, mpe mtu fedha umwachie. Hoja hii ina nguvu. Katika kaunti ya Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly liliwapa zaidi ya kaya 10,000 kiasi cha dola 1,000 kila moja, na watafiti wakakuta kila dola iliyoingia imeongeza uchumi wa eneo kwa takriban dola mbili na nusu, huku bei zikipanda kidogo sana. Sipingi fedha taslimu, na maskini anajua shida yake kuliko afisa yeyote. Ila fedha ile ilizaa kwa sababu palikuwa na maduka, mafundi na majirani wa kuizungusha. Haiponyi mifugo wala haitoi hati ya ardhi.

Wengine wanahofu kwamba msaada mwingi huleta uvivu. Katika zile nchi sita waliosaidiwa walifanya kazi zaidi, si pungufu. Kinachonisumbua ni pingamizi la tatu: je, tukishaweka kujitegemea kuwa shabaha, bibi wa miaka 80 anayelea wajukuu yatima tutamfanyaje? Hatahitimu kamwe kutoka kwenye msaada. Hadithi ile yenyewe haikumsahau. Inamalizia kwa kuwaruhusu kuomba wenye ufukara uliokithiri, wenye deni zito na wenye kuelemewa na diya, yaani fidia ya damu. Kwa hiyo taasisi zinapokaa meza moja, jambo la kwanza la kukubaliana ni nani asiulizwe lini ataondoka kwenye orodha, na ruzuku yake italipwa na nani mpaka mwisho wa uhai wake.